Sehemu Moja ya Tano ya Sekunde: Makosa ya Saa katika Kupima Mwendo wa Vitu



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya kosa dogo sana ambalo matokeo yake ni makubwa, nalo ni kosa la mtu apimaye wakati.

Katika mwaka 1903 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyokataza motakaa kwenda zaidi ya maili 20 kwa saa katika barabara za watu wote. Siku zile hapakuwa na chombo cha kuelekezwa kwenye gari kikataja mwendo wake papo hapo. Basi askari walipima kipande cha barabara, wakatia alama mwanzo na mwisho, kisha wakajibanza kando yake na saa mkononi. Gari lilipopita alama ya kwanza saa ilianzishwa. Lilipopita alama ya pili saa ilisimamishwa. Urefu wa barabara ukagawanywa kwa muda uliopatikana, na jibu likawa ndilo shtaka. Wenye magari walinung’unika sana, hata mwaka 1905 wakaunda chama chao, Automobile Association, ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaonya madereva juu ya mitego hiyo. Hatusemi kwamba manung’uniko yao yote yalikuwa ya haki. Lakini chini yake palikuwa na swali lililo la haki kabisa: je, saa ile yaaminika kadiri gani? Maana mtu aweza kutozwa faini kwa kosa la mkono wa askari, wala si kwa kosa la gari.

Kabla ya kuendelea, tupambanue maneno mawili. Mwendo wa kitu ni umbali ambao kitu hicho hupita katika kila sekunde. Tukiujua umbali na muda, twaupata mwendo kwa kugawanya umbali kwa muda. Neno la pili ni mchapuko, yaani kadiri ambavyo mwendo wenyewe huzidi katika kila sekunde. Baiskeli iendayo sawasawa katika uwanda ina mwendo, haina mchapuko. Baiskeli iteremkayo mlima bila breki ina vyote viwili, kwa kuwa kila sekunde ipitayo huiacha ikienda upesi zaidi. Angalieni basi kwamba vitu hivi viwili hatuvipimi kwa macho. Tuvipimavyo ni umbali na muda tu. Mwendo na mchapuko twavipata kwa hesabu. Kwa hiyo kosa lolote la muda huingia katika hesabu, nalo halitoki jinsi lilivyoingia.

Kosa lenyewe latoka wapi? Kwanza latoka katika mwili wa binadamu. Jicho likiona jambo, habari yake husafiri hata ubongoni, nao ubongo huuamuru mkono, ndipo kidole kibonyeze. Safari hiyo huchukua kama sehemu moja ya tano ya sekunde, yaani sekunde 0.2, hata kwa kijana mwenye afya aliye macho kabisa. Aliyechoka hukawia zaidi. Tena mtu mmoja hakawii kadiri ile ile kila mara: safari hii hukawia kidogo, safari ya pili hukawia zaidi, na mara nyingine hulitazamia jambo akabonyeza kabla halijatokea.

Sasa tuifanye hesabu ya askari. Tuseme mwendo ulioruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, na dereva mmoja anakwenda kilomita 50 kamili, wala hazidishi. Alama mbili zimewekwa mbali kwa mita 20. Gari hilo litazipita kwa sekunde 1.44. Askari akikosea sekunde 0.2 tu, saa yake ikasema sekunde 1.24, hesabu itamwambia kwamba gari lilikwenda kilomita 58 kwa saa, na dereva asiye na hatia ataadhibiwa. Lakini alama zikiwekwa mbali kwa mita 200, gari litachukua sekunde 14.4. Kosa lile lile la sekunde 0.2 litaleta jibu la kilomita 50.7 kwa saa. Askari ni yule yule, saa ni ile ile, na kosa ni lile lile. Umbali tu ndio uliozidi, na dhuluma karibu imekwisha.

Hapa twapata kanuni ya kwanza: ubaya wa kosa haujulikani kwa kulitazama kosa peke yake, bali kwa kulilinganisha na muda wote uliopimwa. Kosa la sehemu moja katika mia ya muda huleta kosa la sehemu moja hivi katika mia ya mwendo.

Jambo hilo lajulikana sana kwa wapimao mbio. Mkimbiaji wa mita 100 akitumia sekunde 10.0, mwendo wake wa wastani ni mita 10 kwa sekunde. Mwandika saa akikosea kwa sekunde 0.2, akaandika 10.2, mwendo unashuka kuwa mita 9.8. Sasa mkumbukeni Filbert Bayi wa Tanzania, ambaye tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch katika New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi mpya ya dunia. Mwendo wake wa wastani ulikuwa mita 7.07 kwa sekunde. Hata kama saa ingalikosea kwa sekunde 0.2, jibu lingalikuwa mita 7.06. Kosa linalompokonya mkimbiaji wa mbio fupi jina lake lote halikufiki hata kugusa mwendo wa Bayi. Ndiyo sababu tangu mwaka 1977 rekodi za dunia za mbio fupi, hata mita 400, hazikubaliwi tena kwa saa ya mkono, ila kwa mitambo ya umeme ijianzishayo kwa bastola.

Tena katika mbio fupi kuna mtego mwingine. Mwandika saa husimama penye utepe wa mwisho, na bastola hulia mita 100 kutoka kwake. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo humfikia baada ya sekunde 0.3 hivi. Akingoja asikie mlio ndipo aianzishe saa, mkimbiaji amekwisha kuondoka zamani, na muda utakaoandikwa utakuwa mfupi kuliko ule wa kweli. Ndiyo maana hufundishwa autazame moshi au mwanga wa bastola, asingoje mlio wake.

Sasa tuje kwenye mchapuko, maana hapo ndipo kosa linapokuwa na makali zaidi. Tuseme nazi yaanguka kutoka kilele cha mnazi wenye urefu wa mita 20. Nazi hiyo hufika chini kwa sekunde 2.02 hivi. Ili kupata mchapuko wake, twachukua urefu mara mbili, yaani mita 40, kisha twagawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu ni 9.8, maana yake kila sekunde mwendo wa nazi huzidi kwa mita 9.8 kwa sekunde. Lakini mpimaji akikawia sekunde 0.2 kuisimamisha saa, ataandika 2.22, na jibu lake litakuwa 8.1. Akiwahi kwa kadiri hiyo hiyo, ataandika 1.82, na jibu litakuwa 12.1. Kosa la muda lilikuwa sehemu moja ya kumi. Kosa la mchapuko limekuwa karibu sehemu moja ya tano, yaani mara mbili yake. Sababu yake ni hiyo tuliyoitaja: muda umezidishwa kwa wenyewe, na kosa lake limeingia katika hesabu mara mbili.

Mwanafunzi aangushaye jiwe kutoka juu ya meza hali yake ni mbaya zaidi. Kutoka urefu wa mita 1.25 jiwe hufika chini kwa nusu ya sekunde tu. Akikosea sekunde 0.2 upande mmoja, atapata mchapuko wa 5. Akikosea upande wa pili atapata 27. Hicho si kipimo tena, ni bahati nasibu.

Tena kuna njia nyingine ya kupima mchapuko, nayo yapendwa sana mashuleni. Twachomeka vijiti vitatu kando ya mteremko, mita 10 kati ya kijiti na kijiti, kisha twaandika wakati baiskeli inapokipita kila kimoja. Tuseme kweli yenyewe ni hii: kutoka kijiti cha kwanza hata cha pili sekunde 2.5, na kutoka cha pili hata cha tatu sekunde 2.0. Mwendo wa kipande cha kwanza ni mita 4 kwa sekunde, na wa kipande cha pili mita 5. Mwendo umezidi kwa mita 1 kwa sekunde. Muda toka katikati ya kipande cha kwanza hata katikati ya cha pili, tukihesabu kwa saa, ni sekunde 2.25; basi mchapuko ni 0.44.

Sasa mpimaji akawie sekunde 0.2 kwenye kijiti cha kati tu. Ataandika 2.7 na 1.8. Mwendo wa kwanza utakuwa 3.70, wa pili 5.56, na mchapuko 0.82, karibu mara mbili ya kweli. Akiwahi kwa sekunde 0.2 kwenye kijiti hicho hicho, ataandika 2.3 na 2.2, mwendo utakuwa 4.35 na 4.55, na mchapuko 0.09, kana kwamba mlima umegeuka uwanda! Angalieni ajabu hii: kila mwendo ulikosewa kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi tu, lakini mchapuko umeharibika kabisa. Kisa chake ni kwamba mchapuko hupatikana kwa kutoa mwendo mmoja katika mwingine. Namba mbili zilizokaribiana zikitolewa, kinachobaki ni kidogo, lakini makosa hayapungui pamoja nazo; na hapa kuchelewa kwa kidole kulipunguza mwendo wa kwanza papo hapo kulipouzidisha wa pili. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba kuweka vijiti vingi karibu karibu kutawapa habari nyingi zaidi hujidanganya, maana kadiri vipande vinavyofupishwa, ndivyo kosa la kidole linavyotawala.

Lakini tuseme kwamba mpimaji huyo alikawia sekunde 0.2 kwenye vijiti vyote vitatu, sawasawa. Je, hesabu itaharibika? La, haitaharibika hata kidogo. Muda kati ya kijiti na kijiti utabaki ule ule, maana ucheleweshaji wa mwanzo unafutwa na ucheleweshaji wa mwisho. Basi twajifunza kwamba makosa si ya namna moja. Yako makosa ya kudumu, yajayo kila mara kwa kadiri ile ile. Na yako makosa ya kubahatisha, yarukayo huku na huku. La kudumu, likijulikana, laweza kuondolewa kwa hesabu. La kubahatisha haliondoleki hivyo, ila hupunguzwa kwa kurudia kipimo mara nyingi.

Kutokupambanua namna hizi mbili kumewahi kumgharimu mtu kazi yake. Katika nyumba ya kutazamia nyota ya Greenwich, Uingereza, mkuu wake Nevil Maskelyne alikuwa na msaidizi aitwaye David Kinnebrook. Kazi yao ilikuwa kuandika wakati ambapo nyota hupita penye uzi uliowekwa ndani ya darubini, huku wakisikiliza mapigo ya saa ya ukutani. Mwaka 1795 Maskelyne aliona kwamba nyakati zilizoandikwa na Kinnebrook huchelewa kuliko zake kwa nusu ya sekunde. Akamwonya. Tofauti haikupungua, bali ilizidi ikafika sekunde 0.8, na mwaka 1796 Kinnebrook akaondolewa kazini. Tusidhani kwamba jambo hilo lilikuwa dogo. Mabaharia walijua mahali walipo kwa saa na nyota, na dunia yetu huzunguka upesi: mahali penye Ikweta, katika sekunde 0.8, ardhi husogea kwa mita 370 hivi.

Miaka mingi baadaye mtaalamu Mjerumani, Friedrich Bessel, alisoma habari hiyo akaifikiri. Akajilinganisha yeye na wataalamu wengine mashuhuri, akakuta kwamba hata wao hawapatani. Tena tofauti kati yake na baadhi yao ilizidi sekunde moja nzima. Hapo ikabainika kwamba Kinnebrook hakuwa mvivu wala mzembe. Kila mtu ana ukawiaji wake, kama alivyo na sauti yake, na ajuaye ukawiaji wake aweza kuuondoa katika hesabu. Lakini elimu hiyo ilikuja wakati Kinnebrook amekwisha poteza kazi yake.

Sasa tuseme dawa. Dawa ya kwanza twaipata kwa Galileo, mtaalamu wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1638. Alitaka kujua jinsi vitu viangukavyo vinavyozidisha mwendo, na zama zake saa ya kuhesabu sekunde kwa uhakika haikuwapo. Hakungoja saa bora itengenezwe, bali alilipunguza mbio jambo lenyewe. Alichukua ubao mrefu wenye mfuo, akauinamisha kidogo, akauacha mpira wa shaba nyeusi uviringike ndani yake polepole. Kwa saa alitumia chombo kikubwa cha maji chenye mrija mwembamba: maji yaliyotoka wakati mpira ukiviringika aliyapima kwa mizani, na uzito wa maji ukawa ndio kipimo cha muda. Tena asema alirudia mara mia nzima. Waswahili husema mchovya asali hachovyi mara moja; na mpimaji naye hapimi mara moja. Vipimo 16 vikitiwa pamoja na kugawanywa kupata wastani, kosa la kubahatisha hupungua likawa robo. Vipimo 100 hulipunguza likawa sehemu moja ya kumi.

Dawa ya pili ni kuurefusha muda, nayo mwaweza kuijaribu nyumbani bila gharama. Fungeni jiwe kwa uzi kama timazi ya mwashi, na urefu toka penye fundo la juu hata katikati ya jiwe uwe mita moja kamili. Livuteni kando kidogo tu, kisha mliache libembee. Kwenda na kurudi kwake huchukua sekunde 2 hivi. Mkipima bembea moja tu, kosa la sekunde 0.2 ni sehemu moja ya kumi. Lakini mkipima bembea 50 pamoja, mtapata kama sekunde 100 na nusu, na kosa lile lile sasa limegawanywa kwa bembea zote 50. Gawanyeni muda huo kwa 50. Jibu lizidishe kwa lenyewe. Kisha gawanyeni 39.48 kwa hicho kilichopatikana. Mtapata karibu 9.8, ule ule mchapuko wa nazi, lakini safari hii kosa la kidole halifiki hata sehemu moja katika mia. Jihadharini na jambo moja: jiwe linapoachwa, hesabuni “sifuri”, msihesabu “moja”. Aanzaye kwa “moja” hupima bembea 49 akidhani ni 50, na jibu lake litakuwa 10.2.

Dawa ya tatu ni kuikagua saa yenyewe. Saa ichelewayo sehemu moja katika mia huuonyesha kila mwendo kuwa mkubwa kwa sehemu moja katika mia, na kila mchapuko kwa sehemu mbili. Wala kurudia mara elfu hakuwezi kuiponya, maana hilo ni kosa la kudumu. Redio ndiyo hakimu wake. Tangu mwaka 1924 idhaa ya BBC hupiga milio ya saa, na idhaa nyingi nyingine zafanya vivyo hivyo. Isawazisheni saa yenu kwa mlio wa leo, muilinganishe tena kwa mlio wa kesho wa idhaa ile ile, kwa redio ile ile. Siku hizi matangazo yapitiayo intaneti huweza kukawia sekunde kadhaa njiani. Lakini ukawiaji ukiwa sawa siku zote mbili, utajifuta wenyewe, kama ule wa vijiti vitatu.

Neno letu la mwisho ni hili. Si kila tofauti ni kosa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, katika Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta. Saa yake ya penduli, iliyokwenda sawasawa mjini Paris, kule ilichelewa dakika 2 na nusu kila siku. Angaliweza kulaumu fundi wa saa, au joto, au mkono wake mwenyewe. Badala yake alirudia na kurudia kipimo kwa miezi mingi, na tofauti ikakataa kuondoka. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, akaonyesha maana yake: dunia si mviringo kamili, imefura penye Ikweta, na huko vitu huvutwa chini kwa nguvu kidogo kuliko Paris. Jambo hilo ni kweli kwa Kenya, Uganda na Kongo, ambazo Ikweta hupita ndani yake, na jiwe lenu la mita moja lashuhudia.

Richer aliweza kuiamini tofauti hiyo kwa sababu alikuwa ameyachunguza makosa yake kwanza. Basi kila mwandikapo jibu la kipimo, andikeni na kadiri ya kosa lake kando yake. Askari akifanya hivyo hatamdhulumu dereva, na mkuu wa kazi akifanya hivyo hatamfukuza msaidizi asiye na hatia.